Dawa ya kufukuza maji kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma: ipi, lini na kiasi gani

Swali: Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Tukuyu, sasa ina miaka miwili. Nje sikupiga lipu kwa sababu napenda tofali lionekane. Ndani kuna lipu na rangi. Ukuta unaotazama upande wa ziwa, wenye urefu wa mita 11 na kimo cha mita 2.8, ukipigwa na mvua ya masika unalowa mpaka ndani na rangi inabanduka. Chini, karibu na sakafu, kunatoka ungaunga mweupe. Fundi anasema nipake vanishi ya mbao mikono miwili. Dukani nimeambiwa kuna silikoni ya maji na silikoni ya thina. Nichukue ipi, lita ngapi, na je, itamaliza tatizo?

Jibu: Vanishi weka kando kabisa, ndugu msomaji. Hiyo hutanda juu ya tofali kama ngozi ya nailoni. Maji hayatapita kwenye ngozi hiyo, lakini yatapita kwenye viungo vya matofali, kwenye ufa wa pembeni mwa dirisha, na yatapanda kutoka kwenye msingi. Yakishaingia yatataka kutoka, nayo yatakuta njia imefungwa. Jua la mchana likiupasha ukuta, mvuke unaisukuma vanishi kutoka kwa nyuma, inatoa malengelenge, inageuka nyeupe, kisha inabanduka pamoja na ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na moto wa tanuri. Ukuta uliopakwa vanishi hubaki na maji mengi kuliko ulioachwa mtupu, na kuibandua baadaye ni kazi kubwa kuliko kujenga upya nusu ya ukuta.

Dawa inayofaa ipo, na nitaieleza kwa vipimo. Ila kwa maelezo yako una matatizo mawili, na dawa hiyo inatibu moja tu.

Tenganisha maji ya mvua na maji ya ardhini

Rangi inayobanduka katikati ya ukuta baada ya mvua ya upepo ni dalili ya mvua kupenya. Ungaunga mweupe karibu na sakafu ni jambo jingine: ni chumvi, wengine huita magadi, iliyobebwa na maji yanayopanda kutoka ardhini au yanayorushwa na matone yanayodondoka kutoka kwenye paa. Unyevu wa ardhini kwa kawaida huishia chini ya mita moja na huacha mstari wa kulala unaoonekana wazi. Matone yanayoruka kutoka chini hulowesha sentimeta 30 hadi 50 za mwanzo.

Fanya vipimo viwili kabla ya kununua chochote. Cha kwanza ni kubandika kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, sentimeta 30 kwa 30, kwenye ukuta wa ndani, na kuziba pande zote nne kwa gundi ya utepe. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya ndani, wa jikoni au wa nguo zinazoanikwa chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai, na hakuna dawa ya nje itakayousaidia; fungua madirisha.

Kipimo cha pili kinahitaji mpira wa maji na mtu wa kusimama ndani. Mwagia ukuta kwa nje ukianzia chini, kipande kwa kipande, dakika 15 hadi 20 kila kipande, ukipanda taratibu. Ukianza juu maji yatatiririka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Mtu wa ndani aweke alama ya penseli kila anapoona unyevu ukitokeza. Mara nyingi mtagundua kwamba ukuta mzima hauvuji: inavuja kona ya dirisha, kiungo kilichobaki wazi chini ya linta, na safu mbili za matofali ambayo hayakuiva.

Kwa nini tofali linakunywa maji, na dawa inabadili nini

Tofali la kuchoma limejaa vitundu vidogo mno vilivyoungana. Udongo uliochomwa huyapenda maji, kwa hiyo tone likigusa mdomo wa kitundu halikai juu, linavutwa ndani. Kadiri kitundu kilivyo chembamba ndivyo mvuto unavyozidi: kitundu chenye upana wa milimita 0.1 kinaweza kuinua maji sentimeta 30, na chenye upana wa milimita 0.002 kina nguvu ya kuyainua karibu mita 15. Ndiyo maana mvua haihitaji upepo mkali ili kufika ndani. Ukuta unanyonya wenyewe.

Dawa za jamii ya silikoni hazizibi vitundu hivyo, huvibadilisha tabia. Chembe ya sileni, iliyo msingi wa dawa hizi, ina atomu moja ya silikoni yenye mikono minne. Mitatu, ikikutana na unyevu kidogo, huachia pombe na kushikana na uso wa tofali na pia na chembe jirani. Mkono wa nne ni mnyororo wa kaboni, mfupi kama methili au mrefu kama oktili, nao hubaki umetazama nje kama nywele zenye mafuta. Baada ya hapo tone la maji likifika kwenye mdomo wa kitundu linajikunja na kubaki nje. Mvuke unaotoka ndani ya ukuta bado unapita, kwa sababu kitundu kimebaki wazi. Hapo ndipo inapotofautiana na vanishi.

Kutokana na hilo kuna hesabu ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua kabla ya kutoa pesa. Kwenye kitundu cha milimita 0.002 kilichopakwa dawa vizuri, maji yanahitaji msukumo wa safu ya takriban mita 5 ili yaingie kwa nguvu. Hakuna mvua ya namna hiyo. Lakini kwenye ufa wa milimita 0.3, hata kama kuta zake zimepata dawa, msukumo wa sentimeta 1.6 tu za maji unatosha, na upepo wa kilomita kama 60 kwa saa unauleta. Kwenye ufa wa milimita moja inatosha nusu sentimeta, sawa na upepo wa kilomita kama 32 kwa saa. Mpaka wa kazi ya dawa uko hapo: inatibu vitundu vya tofali, haitibu nyufa, viungo vilivyopukutika wala matundu. Atakayekuambia kwamba dawa yake ya kunyunyiza inaziba ufa unaoingia ukucha anakuuzia maji ya bei ghali.

Ipi ya kununua

Usisome jina kubwa lililo mbele ya kopo, soma maandishi madogo ya nyuma. Utakutana na makundi haya.

Silikoneti, ambayo mara nyingi ndiyo "silikoni ya maji" ya bei ndogo. Ni chumvi ya potasiamu au sodiamu iliyoyeyushwa majini, kali kama magadi yaliyokolea. Inafanya kazi kwa kukutana na hewa ya ukaa, na mabaki yake ni kabonati inayoacha madoa meupe kwenye tofali jekundu. Inaunguza vioo na alumini, na mvua ikiiwahi kabla haijakauka inaoshwa yote. Ina kazi zake, kwa mfano viwandani kwenye vigae, au kuingizwa kwenye matundu ya msingi kuzuia unyevu unaopanda. Kwa ukuta wa tofali linaloonekana, iache.

Sileni tupu. Chembe zake ni ndogo kabisa, kwa hiyo zinazama mbali kuliko nyingine, na ni dawa nzuri sana ya zege. Zege lina ukali wa saruji unaoharakisha kushikana. Tofali la kuchoma halina ukali huo, na sileni huruka hewani kama spiriti. Sehemu kubwa inaweza kupotea kabla haijashika. Huu ndio mtego wa watu wanaonunua dawa ya daraja au ya nguzo za zege na kuipaka kwenye tofali, kisha wanashangaa haionekani kufanya kitu.

Siloksani, au mchanganyiko wa sileni na siloksani. Hizi ni chembe kadhaa za sileni zilizokwisha kuungana. Haziruki hewani kirahisi, hazihitaji ukali mwingi, na bado ni ndogo kiasi cha kuzama milimita kadhaa kwenye tofali linalonywa vizuri. Kwa nyumba yako tafuta hii, yenye dawa halisi ya asilimia 7 hadi 10 ikiwa tayari kutumika. Mota ya saruji kwenye viungo inadai mnyororo unaostahimili ukali wake, kwa hiyo penye maneno oktili au isooktili ni bora kuliko methili peke yake.

Akriliki, poliurethani na "rangi isiyo na rangi" za kung'arisha mawe ni binamu wa vanishi. Zinatanda juu. Kopo likisema ukuta utang'aa au utaonekana kama umelowa daima, lirudishe.

Basi swali lako la maji au thina: zote mbili zinaweza kuwa siloksani nzuri, na zote mbili zinaweza kuwa mbovu. Kinachotofautiana ni kibebeo. Ya thina inazama zaidi kwenye tofali gumu, lakini inawaka moto, inaumiza kichwa, inaua maua na migomba iliyo karibu, na inavimbisha mipira ya pampu. Ya maji ni salama zaidi, na kwa tofali linalonywa sana kama la tanuri la kienyeji inatosha kabisa. Kwa hali yako ningechukua ya maji, ya sileni na siloksani. Ikiwa ni ya kuchanganya mwenyewe, kwa kawaida sehemu moja ya dawa huingia kwenye sehemu 9 hadi 14 za maji. Fuata kipimo cha kopo, tumia maji safi yasiyo ya chumvi, mimina dawa ndani ya maji huku ukikoroga, na changanya ya siku hiyohiyo. Ikishakutana na maji imeanza kujiunga yenyewe. Iliyolala mpaka kesho yake hupakwa, inaonekana sawa, na haizami.

Jambo moja dogo linalochanganya wengi: silikoni ya kwenye mirija, ile ya kuzibia masinki na vioo, si dawa hii. Ukiipaka ukutani utapata mabaka yasiyokubali mota wala rangi.

Kazi ya kabla ya dawa

Hapa ndipo pesa yako inapookoka au inapopotea.

Anza na paa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukuta wenye upenu wa sentimeta 30 unaachwa uchi. Upenu wa sentimeta 60 au zaidi na gata inayofanya kazi hupunguza maji yanayoufikia ukuta kuliko dawa yoyote itakavyoyapunguza. Kizingiti cha chini cha dirisha kitokeze angalau sentimeta 4 nje ya ukuta, na chini yake kichongwe mfereji wa upana wa milimita 10 ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani.

Kisha miguuni mwa ukuta. Chimba udongo ulioegemea tofali mpaka uwe sentimeta 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na mwaga kokoto upana wa sentimeta 50 ili matone yasirushe tope. Uliza aliyejenga kama juu ya msingi iliwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ile mafundi huiita DPC. Ikiwa haipo, ungaunga mweupe hautakoma kwa kupaka nje. Usipake dawa sehemu ya chini inayotoa chumvi mpaka chanzo kimezibwa. Sababu yake ni hii: maji yanayopanda yanafika nyuma ya tabaka lililopakwa dawa, hayawezi kusonga mbele yakiwa maji, yanageuka mvuke hapohapo na kuiacha chumvi ndani, milimita chache chini ya uso. Chumvi inajenga fuwele, fuwele zinapanuka, na uso wa tofali unachomoka kama ganda la yai. Tofali lisilopakwa lingetoa ungaunga tu ambao ungeufuta kwa ufagio.

Chumvi iliyopo iondoe ikiwa kavu, kwa brashi ngumu ya nyuzi, na uikusanye uitupe. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Brashi ya waya usiitumie. Inakwangua ngozi ya tofali na kuacha vumbi la chuma litakalopiga kutu.

Viungo vinataka uangalifu zaidi. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimejengwa kwa udongo ndani na kupigwa pointi, yaani kuzibwa viungo kwa saruji, kwa nje. Saruji ngumu iliyokaa juu ya udongo laini huachana nao, na ufa mwembamba unakimbia kandokando ya kila tofali. Kwaruza kwa msumari: kama pointi inatoka vipande, fukua kiungo kwa kina cha milimita 15 hadi 20, fagia vumbi, lowesha kidogo, jaza kwa kukandamiza mara mbili. Kipimo ni ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa ya ujenzi iliyozimwa, na ndoo 6 za mchanga safi uliochekechwa. Fundi atataka 1 kwa 3 bila chokaa akiamini kwamba saruji nyingi ndiyo uimara. Mota hiyo ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Ikisinyaa inapasuka pembeni, na umerudi kwenye ufa wa milimita 0.3. Chokaa nzuri haiko mbali nanyi, huchomwa Songwe. Funika viungo vipya kwa magunia yaliyolowa siku tatu, halafu subiri siku 28 kabla ya dawa.

Matofali ambayo hayakuiva utayajua kwa kuyagonga: lililoiva linalia kama kigae, bichi linatoa sauti ya mbao, na ukucha unalikwangua. Hayo yatoe na uweke mengine. Dawa haiupi udongo mbichi nguvu, na tofali linalopukutika huangusha tabaka lililopakwa pamoja na vumbi lake.

Penye ukijani na weusi, paka jiki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja kwa vikombe vinne, iache dakika 15, sugua, kisha suuza mara mbili kwa maji mengi maana nayo huacha chumvi. Usiichanganye kamwe na asidi ya aina yoyote. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Baada ya kuosha, ukuta ukauke. Siku saba za jua ni kiwango cha chini, na tofali lirudie rangi yake ya ukavu mpaka kwenye kona. Kitundu kilichojaa maji hakiwezi kupokea dawa. Kwa Rungwe nzima hesabu ya msimu ni rahisi: viungo vijazwe Agosti, dawa ipakwe mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijarudi Novemba.

Lita ngapi

Ukuta wako ni mita 11 kwa 2.8, yaani mita za mraba 30.8. Nikikadiria madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2, inabaki takriban 27. Tofali la kienyeji hunywa kama lita 0.5 hadi 0.6 kwa mita ya mraba katika mkono wa kwanza na 0.3 katika wa pili. Ukichukua 0.9 kwa jumla, ni lita 24. Ongeza moja ya kumi ya kupotea, nunua lita 27 za dawa iliyo tayari, au kiasi cha dawa nzito kitakachozaa hizo. Usikubali hesabu ya "lita moja mita 8" inayotumika kwenye rangi. Dawa ikiwa kidogo inakaa juu milimita nusu, jua linaila, na mwaka wa pili unaanza upya.

Usinunue zote siku moja. Nunua lita moja kwanza na uijaribu kwenye tofali. Chukua matofali mawili yaliyobaki ya tanuri lilelile, yaanike mpaka mizani ya jikoni isionyeshe tena kupungua. Moja lipake pande zote, jingine liache. Baada ya siku saba yapime, yasimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimeta 1 kwa saa moja, yafute, yapime tena. Lililopakwa linapaswa kuwa limeongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu zilizoongezwa na mwenzake. Ikiwa limekunywa nusu, dawa hiyo haifai kwa tofali lako, hata kama matone yanacheza vizuri juu yake. Matone kucheza ni uso tu, mizani haidanganyi.

Paka pia mita moja ya mraba kwenye kona isiyoonekana na uitazame wiki nzima. Ikiacha weupe au mng'ao, umejua mapema.

Kupaka

Funika vioo, fremu za alumini, rangi za milango na mimea kwa nailoni. Dawa ikikaukia kioo haitoki bila kukikwaruza. Kama unavuna maji ya paa, ondoa bomba linaloingia kwenye tangi mpaka mvua mbili za kwanza zipite. Vaa glovu, miwani na nguo za mikono mirefu. Kwa dawa ya thina barakoa ya vumbi haisaidii, inatakiwa yenye vichujio vya mvuke, na jiko, sigara na grainda ya umeme vikae mbali.

Bomba la mgongoni la kupulizia kahawa linafaa kwa dawa ya maji, likioshwa mara kadhaa kwanza. Toa kichwa cha ukungu, weka cha kumwaga kwa upana. Ukungu mwembamba unapeperuka na hauzami. Kinachotakiwa ni ukuta kumwagiwa mpaka ushibe.

Fanya kazi ukuta ukiwa kivulini. Kwenye tofali lililochomwa na jua la saa nane dawa inakauka kabla ya kuzama. Joto la hewa liwe kati ya nyuzi 5 na 30. Anza chini, nenda kulia na kushoto ukipanda, na kila mstari uache michirizi itiririke sentimeta 15 hadi 20 chini yake. Ukianza juu, michirizi itakimbilia tofali kavu na kuacha mistari ambayo itaonekana kila mvua inaponyesha.

Mkono wa pili upakwe wa kwanza ukiwa bado mbichi, yaani umezama lakini haujakauka, kwa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 15. Fundi aliyezoea rangi atakuambia mkono wa kwanza ulale ukauke. Kwenye rangi ni kweli. Hapa wa kwanza ukikauka unaanza kufukuza kila kitu chenye maji, ukiwemo mkono wa pili. Kwa hiyo gawa ukuta vipande vya mita tatu za mraba, umalize mikono yote miwili kwenye kipande kimoja kabla ya kuhamia kingine. Viungo vya matofali vipe zaidi kwa brashi. Baada ya dakika 10 dawa ambayo haijazama, hasa kwenye matofali yaliyoungua sana na kuwa kama kioo, ifute kwa kitambaa, la sivyo itaacha utando wenye kunata.

Mvua isiuguse ukuta kwa saa 24. Utaona matone yakicheza kesho yake, lakini kushikana kwenyewe huendelea siku 7 hadi 14, ndipo upime.

Baada ya hapo

Mkandarasi mwenye vifaa atatumia mrija wa Karsten, kibomba cha kioo kinachobandikwa ukutani kwa plastasini na kujazwa maji. Safu ya sentimeta 10 inasukuma kama upepo wa kilomita 145 kwa saa, na baada ya dakika 15 inasomwa imeshuka kiasi gani. Wewe bilauri ya maji inatosha: mwagia ukuta na uhesabu dakika tano. Tofali likibaki na rangi yake ya ukavu, dawa ipo. Likigeuka jekundu lililokolea, halina.

Baada ya mwaka au miwili matone yataacha kucheza vizuri. Jua na vumbi vimekula chembe za usoni. Za ndani ya vitundu bado zipo. Usipake upya kwa sababu ya hilo peke yake, rudia kipimo cha bilauri. Kazi iliyozama vizuri inakaa miaka 8 hadi 10.

Amua pia sasa kama tofali litabaki wazi. Ukuta ukishapata dawa hii, chokaa, rangi za maji na lipu ya saruji hazitaushika. Zitateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Ukiwa na wazo lolote la kupiga lipu miaka mitatu ijayo, piga lipu na uache dawa.

Kwa wasomaji wa Lamu, Unguja na Pwani wenye kuta za mawe ya matumbawe, mpango huu msiuchukue kama ulivyo. Jiwe hilo ni kabonati ya kalisi, lina sehemu chache mno za kushikana na sileni, na lina chumvi ya bahari tangu lilipochimbwa. Kwenu lipu ya chokaa na kupaka chokaa upya kila inapochakaa inafaa zaidi, na kuta hizo zilijengwa zikiitegemea. Wa matofali ya saruji yenye matundu ya kupitisha kijiti cha kibiriti nao wapige lipu kwanza.

Kuhusu rangi iliyobanduka ndani: usiipake mara moja. Bandua yote inayolegea, kwangua lipu iliyofanyika ungaunga hadi ufikie iliyo ngumu, acha madirisha wazi. Ukuta wa unene wa sentimeta 22 uliolowa masika mbili unachukua miezi kadhaa kukauka, na dawa ya nje haiuharakishi, inazuia tu maji mapya. Rudia kipimo cha karatasi ya alumini kila mwezi. Siku itakapotoka kavu pande zote mbili, paka chokaa au rangi ya maji isiyong'aa, na ile rangi ya mafuta ya nusu ukuta usiirudishe upande huo.